Bi. Yunisi Msengi, Muuza Jua Asiyepanda Ngazi

Kabla sijamsifu mtu mwingine, kwanza ijulikane anayeandika ni nani. Mimi, Shukuru, ndiye fundi wa sola ambaye mapaa yote ya mkoa wa Singida yananijua kwa uzito. Toka Manyoni mpaka Sekenke hakuna bati ambalo halijanibeba, na yapo mabati ambayo nikipita chini yake yanalia kwa kunikumbuka, watu wakidhani ni upepo. Jua lenyewe likichomoza, kabla halijaenda kwa watu wengine, hupita kwangu kuuliza leo liwake kiasi gani. Wenye wivu husema naongeza chumvi. Naongeza, ndiyo. Ziwa Singidani liko pale, chumvi imejaa, kwani nani kakatazwa?

Haya. Baada ya mimi anafuata Bi. Yunisi Msengi.

Leo, tarehe 30 Septemba 2025, Bi. Yunisi anastaafu baada ya kulitumikia duka letu la Nuru ya Kindai, hapo Singida Mjini, kwa miaka ishirini na miwili. Alianza kazi mwaka 2003, wakati mimi bado naogopa kuku. Mzee Philipo, mwenye duka, aliniagiza niandike wasifu huu uchapwe kwenye kijitabu cha sherehe na usomwe na mshereheshaji mbele yenu. Alitaka lugha safi, maneno machache na utani usiwepo. Mzee, shikamoo. Lugha nimejitahidi.

Ratiba mnayo mikononi. Tuko nyumbani kwa Bi. Yunisi, Mtinko, kwenye nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali mpaka majirani wakawa wanafikiri ni ukuta wa kumbukumbu. Wasifu ukishasomwa kuna zawadi, kisha chakula. Na kule nyuma ya jiko yupo jogoo mmoja mwekundu aitwaye Diwani, amefungwa miguu, anasubiri kuwa mchuzi wa wageni watakaobaki jioni. Hajaugua, hajamdonoa mtoto wa mtu. Anachinjwa kwa sababu mayai ya wake zake yaligoma kutotolewa, na Bi. Yunisi, ambaye kuanzia kesho riziki yake ni kuuza vifaranga, hawezi kumlisha mtama mume asiye na kazi. Kesi ya Diwani imefungamana na umeme wa nyumba hii. Nitaifikia. Mshereheshaji asiruke kurasa kwa sababu ya njaa.

Bi. Yunisi hakuja dukani kuomba kazi. Alikuja kuuza vitunguu. Aliingia na kikapu chake kichwani, akamwamkia Mzee Philipo, akaona kile kioo cheusi kimeegemezwa kwenye kona pamoja na mifagio. Akauliza ni kitu gani.

"Umeme wa jua, mama," Mzee Philipo akasema kwa fahari.

"Sasa mbona mmeuficha ndani kama mgonjwa wa surua?"

Mzee Philipo anasema alitaka kukasirika, ila hakupata pa kuanzia. Bi. Yunisi akatua kikapu, akaitoa paneli mpaka barazani, akaielekeza juani, akaamuru iunganishwe na redio. Redio ikaanza kuimba. Waliokuwa wanasubiri basi wakasogea, waliokuwa wananunua viatu wakaacha mguu mmoja dukani kwa watu. Siku hiyo Mzee Philipo aliuza paneli yake ya kwanza tangu afungue duka, na mnunuzi akaondoka na vitunguu pia. Jioni akamwambia yule mama arudi kesho bila kikapu. Alirudi kesho na kikapu, lakini alirudi.

Tangu hapo amekuwa muuzaji wetu, mshauri wetu, mpokeaji wa matusi yetu, na mkuu wa mafundi wote tuliopita pale. Hapa sharti niseme jambo ambalo yeye hapendi lisemwe, na kwa kuwa leo anastaafu hawezi kunikata siku: Bi. Yunisi anaogopa ngazi. Miaka yote hii ameweka umeme kwenye mapaa yasiyo na idadi, na hajawahi kufika juu ya hata moja. Wazee wa duka wanasimulia kwamba aliwahi kujaribu, kule Ikungi. Alipanda vidato viwili, akafumba macho, akaanza kusali kwa sauti. Mwenye nyumba akaleta godoro la mtoto, likawekwa chini, ndipo akashuka akilitukana godoro.

Kwa hiyo akabuni namna yake. Anachukua bua refu la alizeti lililokauka, anasimama uani, anaelekeza. "Wewe Shukuru, sogeza kushoto. Kushoto kwako wewe, si kwa mama yako. Laza. Laza tena, hicho si kitanda cha hospitali. Basi, funga." Kutoka chini anaona kuliko sisi tulio juu. Akiona kivuli cha tawi kimegusa kona ya paneli, anagonga bati kwa bua mpaka mwenye nyumba anadhani mvua imekuja. Mabua ameyamaliza mengi. Mengine ameyamalizia mgongoni kwangu.

Mwaka niliofika mimi, miaka sita nyuma, ndio mwaka wa mlenda. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili, si kwa kukosa akili. Zilikuwa nyingi, zikaanza kumwagika. Wiki yangu ya kwanza Mama Jenipher wa hapahapa Mtinko alipiga simu dukani, analia kwa hasira. Sola imekufa. Taa zinafifia kabla hajamaliza kula, simu haichajiki, na Nuru ya Kindai ni wezi wa mchana. Tukapanda bodaboda, mimi, Bi. Yunisi na bua lake.

Nikapanda juu. Nikakuta paneli haionekani. Imefunikwa mlenda, majani kwa majani, yamepangwa vizuri kabisa kama yanasubiri kupigwa picha. Nikapiga kelele kwamba mteja ameifunika sola kwa mboga. Nilitegemea Mama Jenipher ataona haya. Thubutu.

"Sasa mwanangu," akasema, "mmeniwekea uchaga wa kioo. Unapata moto vizuri, vumbi hakuna, kuku hawafiki, mbuzi hawafiki. Mlitaka nianike wapi, kichwani kwako?"

Mimi nilianza kucheka mpaka nikakaribia kuteleza. Bi. Yunisi hakucheka. Akaniambia niushushe ule mlenda taratibu, nisidondoshe hata jani, maana ndicho chakula cha nyumba ile mpaka mvua. Kisha akamwambia Mama Jenipher kwamba kosa ni letu sisi. Tulileta kitu bapa chenye joto juu ya nyumba ya mtu wa Singida, halafu tusimwambie ni cha nini, tulitaka afanyeje? Tukamtengenezea uchaga wa miti pembeni. Taa zikawaka. Mlenda ukakauka. Tuliula wiki iliyofuata.

Kuanzia siku ile, kabla hajamuuliza mteja jina, Bi. Yunisi huuliza: "Mboga mnaanika wapi?" Aliwahi kumuuliza hivyo bwana mmoja wa mjini mwenye tai. Yule bwana akajibu kwamba wao wana friji. Bi. Yunisi akamtazama kwa huruma, akaandika: haaniki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwalo analidai duka letu asante, hata kama Mzee Philipo bado linamkwama kooni.

Zamani Nuru ya Kindai ilikuwa peke yake. Ukitaka sola Singida Mjini, unakuja kwetu au unawasha koroboi. Mzee Philipo alikuwa anauza kama anagawa baraka. Alifunga duka akisikia njaa, akafungua akishiba. Mteja akirudi kusema betri haichaji, anaambiwa betri za siku hizi zina aibu, azizoee. Fundi kwenda kijijini ilikuwa mpaka fundi awe na shangazi kijiji hicho. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa peke yetu tu, na mtu akiwa peke yake anaweza kukaa na kipande cha ukoko mdomoni mchana kutwa bila kujua.

Ndipo Mama Belinda akafungua duka ng'ambo ya barabara, mkabala nasi kabisa, kuta za njano zinazoumiza macho, jina lake Alizeti Sola. Mzee Philipo alisimama mlangoni akaangalia ule unjano asubuhi nzima. "Jua lenyewe ni moja," akasema, "maduka mawili ya nini?" Akatangaza kwamba atafunga kula mpaka lile duka life. Saa sita mchana akaagiza chipsi.

Bi. Yunisi alivuka barabara na tetea mmoja mnene, akampelekea Mama Belinda, kumkaribisha mjini. Aliporudi, bosi alikuwa amekaa kama aliyefiwa.

"Yunisi, umempelekea adui kuku?"

"Nimempelekea jirani, mzee. Adui atajulikana akishindwa kumla."

Haikuishia hapo. Wakaja kijana mmoja na mkewe wametoka Sekenke, wanataka taa za nyumba yao mpya. Bi. Yunisi akawaeleza vyote tulivyonavyo, halafu akawaambia: "Sasa vukeni pale kwa njano mkaulize. Linganisheni. Mkirudi mtakuwa mnajua mnachotaka." Mzee Philipo alishika kifua kwa mkono mmoja na kaunta kwa mkono wa pili. Wale walivuka. Walikaa huko muda wa kutosha bosi kuzeeka. Kisha wakarudi, wakanunua kwetu, ila wakasema wazi: kule ng'ambo kuna benchi la kukalia, na fundi anarudi kukagua baada ya mwezi.

Kesho yake tukawa na benchi. Baada ya wiki tukawa na fundi anayerudi kukagua. Mama Belinda akaona, akaanza kutoa dhamana ya betri. Sisi tukatoa dhamana na kuongeza mafunzo ya kufuta vumbi. Yeye akaleta taa za zizini, sisi tukaleta bodaboda ya kupeleka mzigo mpaka mlangoni. Wateja wengine walikwenda kwa njano wasirudi, na Bi. Yunisi alikuwa akikutana nao sokoni anawauliza bila kinyongo kilichowapendeza ni nini, halafu anakuja kutuchoma nacho. Kila tunachojisifia leo tulikipata kwa kuchungulia ng'ambo. Na wao wanatuchungulia. Fundi wao Andrea nimemkamata mara nyingi. Yeye anasema ni mimi niliyekamatwa.

Ushauri wake kwa wateja ulikuwa mmoja, na ninyi mnaofikiria kuweka umeme wa jua mkiunukuu msiseme mmeusikia kwa mwingine. Alikuwa anasema usinunue taa, wala usinunue paneli kwa sababu jirani anayo. Kwanza sema unataka ikufanyie kazi gani. Taa tatu na simu ni paneli ndogo. Ukitaka friji, jiandae kwa paneli za friji. Ukiunganisha friji kwenye sola ya taa tatu, utakuwa na kabati jeupe. Na mtu akiuliza kama achukue umeme wa nguzo, anamjibu nguzo hazina kosa, kama una mashine ya kusaga fuata nguzo. Lakini jua la Singida linawaka kwako hata usipoliomba. Halafu angalau maduka mawili yakueleze. Moja likikueleza peke yake, hilo ni hadithi.

Mwaka huu ikafika zamu yake mwenyewe. Mjini alikuwa amepanga chumba chenye umeme wa nguzo, hivyo hakuwahi kuwa mteja wa sola. Nyumba ya Mtinko ilipopata bati la mwisho, Mzee Philipo akatabasamu kwa upana: bila shaka Nuru ya Kindai itamwashia mtumishi wake, na Mtinko nzima itaona. Bi. Yunisi akamwambia, "Mzee, nimewatuma watu ng'ambo miaka yote hii. Na mimi nitavuka."

Akayaita maduka yote mawili. Akasema hapendelei mtu. Kazi anayotaka ifanywe na umeme wake ni moja: kutotolesha mayai. Maana mipango yake ya kustaafu ni kuku, kuku wetu wa kienyeji wanaosifika mpaka huko wanakopelekwa kwenye matenga. Akanunua mashine mbili za kutotolesha, ndogo, za aina moja, akaweka kila moja kwenye chumba chake. Nuru ya Kindai itawasha chumba cha mkono wa kulia, Alizeti Sola chumba cha kushoto. Paneli za ukubwa mmoja, betri za ukubwa mmoja. Duka ambalo mashine yake itatoa vifaranga vingi ndilo litakalowasha nyumba nzima. Yeye atabaki mjini kazini mpaka mayai yaive, ili asije akaanza kugonga mabati kwa bua na kumsaidia mmoja. Mpwa wake Agnes atatunza nyumba, atageuza mayai, na atakaa kimya.

Kuhusu mayai, akaturuhusu tuchague. Ana majogoo wawili, kila mmoja na banda lake. Mmoja ni mzee, kijivu, anachechemea, akiwika sauti inakatika katikati kama redio yenye betri chakavu. Wa pili ni Diwani. Kifua mbele, shingo juu, anatembea uani kama anakagua mradi wa maji. Diwani ni uzao wa kuku alioachiwa Bi. Yunisi na marehemu mama yake, na ndiye aliyemtegemea aanzishie banda lake la ustaafu. Mimi nikapiga hatua haraka nikachukua mayai ya wake za Diwani. Andrea akabaki na ya yule kilema. Nilimpa pole mbele za watu. Nilimwambia pia asikate tamaa, mayai yasipototolewa huwa yanachemshika.

Ilikuwa Julai. Mnaijua Julai ya huku. Upepo unakupiga kibao bila kukujua. Tukapanda, mimi upande wangu, Andrea upande wake. Watu wa mnadani walisimama barabarani kuangalia. Niliwatangazia kutoka juu kwamba wiki tatu zijazo Diwani ataitwa baba na Alizeti Sola wataitwa wateja.

Wiki tatu zikapita. Bi. Yunisi akaja kutoka mjini, na Mzee Philipo, na Mama Belinda na gauni lake la njano, na nusu ya Mtinko. Agnes akafungua chumba cha kushoto. Kelele zilitusubiri mlangoni: piyo, piyo, piyo, vifaranga vinapandana, vingine bado vina ganda kichwani kama kofia. Yule jogoo kilema aliwika nje, sauti ikakatika, watu wakapiga makofi.

Akafungua chumba cha mkono wa kulia. Kimya. Mayai yamelala kama yalivyopangwa. Agnes akasema jioni nyingine mashine ilikuwa inazimika yenyewe, betri haina nguvu, akawa anayafunika kwa kanga zake. Hakuna lililototolewa. Bi. Yunisi aliokota yai moja, akaliweka shavuni kuona kama lina uhai, akalirudisha.

Watu wote wakanigeukia. Nikasema jambo la kwanza lililofika mdomoni.

"Jogoo huyu sura tu," nikasema. "Mayai hayana kitu. Mashine itatotoa nini?"

Watu wakacheka kwa furaha kubwa, maana hakuna kitu kinachompendeza binadamu kama mwenye kifua kupatikana hana kitu. Habari ikashuka mpaka mnadani, ikapanda bodaboda ikaenda mjini. Diwani tasa. Watoto walimtungia wimbo. Watu waliokuwa wameweka oda ya vifaranga vya uzao wake wakaja mmoja mmoja kuomba wabadilishiwe. Yeye mwenyewe aliendelea kukagua uani kifua mbele, hajui.

Halafu Mzee Philipo akafanya kitu ambacho hajawahi kufanya tangu lile duka lipakwe rangi: alivuka barabara. Alikwenda kumuuliza Mama Belinda walifanyaje. Alipewa chai na andazi, akakaa kwenye benchi lao, akarudi akasema benchi lao ni laini kuliko letu. Benchi letu sasa lina mto.

Na Alizeti Sola wakawasha nyumba hii kama ilivyoahidiwa. Taa mnazoziona, spika inayosoma wasifu huu, friji yenye soda zenu, vyote ni kazi ya ng'ambo. Bi. Yunisi anastaafu kutoka Nuru ya Kindai chini ya taa za mshindani, na amekataa katakata tuzibadilishe hata kwa zawadi. Anasema mashindano ambayo mwenyeji lazima ashinde ni maigizo.

Mama, kwa niaba ya Mzee Philipo, mafundi wote uliowapiga na ambao ulikuwa bado hujawafikia, tunakushukuru. Umetufundisha kuuza bila kudanganya, kukaribisha jirani kabla hatujamwogopa, na kumshushia mtu mlenda wake bila kumwaga. Ukae vizuri kwenye nyumba yako. Mabanda yako yajae, upepo wa Julai ukupitie mbali, na ngazi zote za Mtinko ziendelee kukuona kwa mbali tu. Tunakuombea ustaafu wenye afya na vifaranga wengi.

Mzee Philipo alisoma mpaka hapo, akacheka, akasema inatosha, kachape. Ukurasa huu hakuuona.

Siku ile ya kufunga, paneli yetu ilikuwa na jina la duka limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Ningeilaza juu ya paa inavyotakiwa, hakuna ambaye angelisoma. Kwa hiyo niliisimamisha kama bango, ikaangalia barabara, watu wa mabasi wasome. Barabara iko kusini mwa nyumba. Jua la Julai linapita kaskazini. Paneli ilikuwa inaota mgongo.

Andrea aliniona. Yeye mwenyewe siku ya pili alipanda tena kurekebisha ya kwake, akapanda na ya tatu, watu wakamcheka kwamba hajui kazi. Akiwa juu huko akaniita, "Shukuru, igeuze ya kwako, inasoma majina ya mabasi. Mayai ya mama yatakufa." Hakusema kwa kebehi. Nami nilikwishatangaza mbele ya mnada mzima. Nikamwambia ashughulike na kilema wake.

Nilijua anasema kweli. Nilijua kabla hajafunga mdomo. Sikupanda. Nilipanda siku moja tu kabla Bi. Yunisi hajarudi, nikailaza vizuri, ili akitazama kutoka chini asione kitu. Hakuona. Andrea hakunisemea, na hajanisemea hata leo.

Mayai yale hayakuwa mabovu, mama. Niliyaua kwa baridi, halafu nikamsingizia jogoo wa mama yako. Shikamoo, na unisamehe ukiweza. Na wewe uliyeshika kisu kule nyuma ya jiko, kama spika inafika huko, mfungue miguu.